Mkuu Kalala Mlangoni

Kinue shoga yangu, haya kaniambia Okabe asubuhi hii, yule polisi anayefanya doria na mjukuu wangu Shunji. Kaniambia jikoni, kwa kunong'ona.

Shunji kavua bastola mwenyewe kituoni. Mwenyewe, Kinue! Kampa Okabe: "Kaa nayo, kaka. Hata nikikuomba usinirudishie."

Hata nikikuomba! Shunji wangu!

Tangu aokote mwili wa mama mmoja aliyegongwa na treni, hapati usingizi. Mimi nikadhani ni uchovu wa zamu za usiku tu.

Wamemleta hapa nyumbani wawili, Okabe na mkuu wao Kurata, yule mnene mwenye mdomo mchafu. Wamemaliza wali wangu wote. Shunji akasema, "Mkuu, nendeni kwenu mkalale." Kurata akajitandaza mlangoni: "Toka wewe kama unaweza kuupanda mlima huu," akalipiga tumbo lake.

Shunji akacheka. Halafu akalia. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Sasa Shunji kalala. Okabe kalala. Kurata alikuwa anajikoromesha, jicho moja liko kwa Shunji.

Sasa anakoroma kweli. Mkono wake umeshika soksi ya mjukuu wangu.