Mtaa Wetu Umejaa Wapwa

Mpendwa mshauri,

Naomba unijibu kabla ya Jumamosi, maana mimi huona aibu hata kuagiza soda dukani, na siku hiyo nitasimama mkutanoni mbele ya mtaa mzima kusoma hesabu ya wakazi. Nimemaliza shule juzijuzi, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri mwenyekiti wa kamati ya wakazi alinipa fomu nipite nyumba zote ishirini na mbili kuuliza wanaishi wangapi na wanafanya kazi gani, ili ithibitike kwamba mtaa wetu bado ni wa wenye uwezo na kwamba ile sheria ya nyumba moja familia moja, marufuku wapangaji, inafuatwa. Basi nikapita, na karibu kila mlango nikaambiwa, "Huyo andika mpwa wangu." Fundi simu aliye kwenye gereji ni mpwa, walimu watatu wa chekechea ni wapwa, na mpwa wa mzee wa nyumba ya kona alitoka na mswaki mdomoni akamwuliza, "Mwenye nyumba, maji yanarudi lini?" Hata kwa mwenyekiti yupo mpwa, fundi cherehani, kabandika bei za kushona mlangoni. Mimi niliandika tu, siwezi kubishana na watu wazima. Watoto wao wamehama, wazee wamestaafu, vyumba vilikuwa vinalala bure. Tatizo ni kwamba hata kwetu, tangu baba astaafu, yupo mpangaji chumba cha uani, dada mmoja muuguzi mwenye mtoto mdogo; dada huyo ndiye mtu pekee ninayeongea naye bila kigugumizi, na mama amesema, "Naye mwandike mpwa, ufunge mdomo." Nikisema kweli dada atafukuzwa, nikisoma uongo nitatetemeka mpaka karatasi ianguke. Nifanyeje?

Mimi mwenye haya

*

Mwanangu mwenye haya,

Pole, ingawa nimecheka mpaka chai ikapoa. Watu wazima wamekutwika uongo wao nawe ukaubeba kwa adabu zote! Adabu ni nzuri, lakini uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri bado ni uongo. Usiusome.

Wala usimchome mtu kwa kumtaja. Leo mkalishe mama jikoni umweleze ulichokiona, kwa sababu anadhani anaficha peke yake, na kila jirani anadhani hivyohivyo. Sheria iliyovunjwa na karibu kila nyumba imebaki kulindwa na woga tu. Mama akielewa, mwombe yeye ndiye anyooshe mkono Jumamosi, apendekeze ibadilishwe. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, usiifanye wewe.

Yako ni sentensi moja. Usitaje nyumba, usitaje mtu. Hesabu fomu zako, kisha sema: "Nyumba ni ishirini na mbili, na nyumba kadhaa," taja idadi, "zina mpwa mwenye ufunguo wake mwenyewe." Halafu kaa. Ifanyie mazoezi mbele ya huyo dada muuguzi, kwa kuwa kwake ulimi wako haukwami, na chumba kinachogombewa ni chake.

Kutetemeka hakuna ubaya, shika karatasi kwa mikono miwili. Na mwenyekiti akifoka, "Tutajie nyumba hizo!", mwangalie kwa upole umwulize, "Nianze na ipi, mwenyekiti?"