Ukili Mweusi wa Mwanawema

Kwa Mzee Mbarouk,
Wawi, Chake Chake,
Pemba.
14 Septemba, 1959

Mpendwa Shangazi Mwatum,

Asalaam aleikum, na shikamoo. U hali gani? Kifua chako je, kimepoa? Mimi mzima wa pumzi tu, alhamdulillahi. Mguu niliouvunja nilipoanguka mkarafuuni umeunga kombo, sipandi tena. Nakaa uani na wanawake, nachambua karafuu na kuzigeuza juani.

Karafuu mwaka huu ni nyingi, na mvua inatuchezea. Wingu likipita tunakimbilia majamvi, nami nakimbia kwa mguu mmoja.

Shangazi, naandika kwa sababu ya mkeka. Juzi Bi Moza, mke wa Mzee Mbarouk, aliletewa mkeka wa harusi ya binti yake na mchuuzi wa kutoka Unguja. Alipoukunjua nilihisi kama nimepigwa. Ni mkono wa mke wangu, Mwanawema. Nakshi ya mkeka wetu wa ndoa!

Unakumbuka ilikotoka. Nilipokuwa namtaka nilibeba makumbi ya nazi kutoka pwani, na makusudi nikipita kombokombo ili nifike kwao. Alikuwa akiniona tangu mbali, mweusi kwenye mchanga mweupe. Ndipo akasuka njia nyekundu ya kona kona, na katikati yake akapitisha ukanda mmoja mwembamba wa mkindu, ukili mweusi. Ule mweusi ni mimi. Wewe ndiwe uliyetutandikia, ukatuambia mkeka wa ndoa hauuzwi ila ndoa ikifa.

Bi Moza akacheka. "Pandu, kunani? Mkeka wa mwanangu unautazama kama jeneza!"

Bi Khairiya wa Pujini, tunayechambua naye, ni msukaji. Alinambia bibi yake aliitoa nakshi yake kwenye nyayo za kaa. Mama yake akaipokea, akaongeza mstari wa pili alipozaa pacha. Yeye mwenyewe mstari mmoja ameufanya mweupe, maana pacha mwenzake alikufa.

"Hatusuki kitu cha bure, mwanangu," akasema. "Hebu utazame tena."

Nikautazama. Shangazi, ukili mweusi haumo. Njia nyekundu ipo na kona zake zote, katikati peupe.

Nikamuuliza maana yake nini. "Ama kakutoa moyoni, ama kakubakisha kwake, hakukuuza. Mie n'tajuaje? Nenda kwenu."

Nenda kwenu! Tangu nianguke nimempa kila anayekwenda huko Unguja salamu za kumfikishia Mwanawema, sijapata jibu hata moja. Nikifika na mguu huu nikakuta mwanamume mwingine, nitarudi wapi? Silali, shangazi. Chakula hakipiti.

Nakuangukia miguuni. Nenda kwake kama anayekwenda kuomba moto. Usimuulize lolote. Tazama mkeka wetu kitandani, na kama haupo, tazama nyuma ya mlango. Wetu una ukili mweusi, hutaukosa. Ukiuona, niandikie "upo" tu, nami nitakuja hata kwa kutambaa. Usipouona, usiniandikie chochote. Nitafahamu.

Nisalimie Mzee Ahmada, Bi Hija na wanawe. Mwanawema usimpe salamu zangu, mtazame tu kama amekonda.

Mwenyezi Mungu akuweke, akupe nguvu ya kufika mlangoni kwake.

Mimi mwanao akupendaye,
Pandu Khatib