Maungio ya Shemeji

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Watoto wanaendeleaje, na kifua cha kitindamimba kimepoa? Mimi mwili mzima, ila moyo umenichafuka.

Juzi ulinikatia simu kabla sijamaliza kusema. Ulidai nimepata cheo nikasahau aliyenilea, kwamba namwonea mumeo mbele ya wenzake. Iliniuma. Ndiyo maana leo naandika. Barua huwezi kuikata kama simu.

Dada, mimi simkatai mtu, nakataa maungio ya chuma anayochomelea mumeo. Kazi yangu pale kiwandani ni kupaka jeli juu ya chuma kilichochomelewa, kisha kupitisha kidude kinachotoa sauti nyembamba mno, isiyosikika na sikio la mtu. Sauti hiyo hupenya chuma hadi upande wa pili, ikagonga, ikarudi kama mwangwi. Chuma kikiwa kizima, hurudi kwa wakati wake. Ndani kukiwa na ufa, hugonga hapohapo ikawahi kurudi, na mstari kwenye skrini unaruka. Ni sauti ya aina ileile waliyokupimia tumbo ulipobeba mapacha. Haijui huyu shemeji, huyu jirani.

Na hilo tangi analochomelea ni la mvuke. Likipasuka, watu wanaungua. Lakini nani anasikia? Msimamizi ananifokea kwamba nachelewesha kazi, mafundi wamenibatiza Bibi Hapana, nawe unaniita mtovu wa shukrani. Nimekuwa ngozi ya ngoma, kila apitaye anapiga!

Kilichonitatiza zaidi ni kwamba shemeji ndiye aliyewafundisha nusu ya mafundi wa karakana. Nikadhani kidude kibovu, nikachukua kingine. Mstari ukaruka palepale. Nikamfuata stoo nikamwuliza kwa ukali, "Shemeji, unanifanyia makusudi?"

Akavua miwani ya kazi, akakaa juu ya boksi la misumari. Akasema, "Shemeji, pale ninapochomelea sipaoni. Napakisia."

Ni macho, dada. La kulia lina ukungu tangu mwaka jana, na la kushoto limeanza. Aliniapisha nisikwambie. Alisema afadhali aitwe mzembe kazini kuliko kuitwa kipofu nyumbani kwake. Nami nikakubali, ndiyo maana kwenye simu ulinisikia nababaika. Leo nimevunja kiapo, na nimeshamwambia kwamba nakivunja. Amenuna, hanisemeshi. Basi naye aungane na wanaoipiga ngoma.

Msimamizi amempa ruhusa, na daktari wa macho anamsubiri Jumatano asubuhi. Mimi nikimwambia, hatakwenda. Wewe ukimwambia, atakwenda huku akilalamika. Ila usimpigie kelele. Na akisimama chini ya ngazi za kwenu akijipapasa mifukoni, usidhani anatafuta funguo. Anatafuta pa kukanyaga. Mshike mkono, mpande pamoja, wala usimwambie kwa nini.

Wabusu watoto kwa niaba yangu. Kama bado una hasira nami, kaa nazo hadi Alhamisi, kisha nipigie unitukane vizuri. Nitapokea.

Ni mimi,
Mdogo wako