Mtani Wangu Sasa Ananisalimia kwa Heshima

Mpendwa Shangazi Lusia, shikamoo. Naomba msaada wako, na jina langu usilitaje, ingawa hapa Mingoyo wakisoma tu watanijua.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko njia panda, na mwaka huu mimi na mwenzangu Gregori tulinunua mashine ya plazma, ile inayokata chuma kwa moto wa umeme na upepo wa kompresa, na kwa kuwa cheche zilikuwa zinarukia karai la binamu yangu Mboni anayekaanga mihogo jirani yetu, nikaweka nusu pipa la maji chini ya meza ya kukatia, cheche zikawa zinafia humo, na kwa chuma halikuwahi kuleta shida hata siku moja. Sasa Shangazi, kwetu mabinamu ni watani, tangu utotoni mimi na Mboni hatujawahi kusalimiana kama watu wengine, yeye ananiita marehemu nami namwambia sanda yake nimeshainunua, wateja wanacheka, siku inaanza.

Ikaja kazi ya pleti za alumini za kutandika sakafu ya lori. Aliyetuuzia mashine alikuwa ameniambia, mimi peke yangu, alumini usiikate juu ya maji, nami nikaitikia tu kama mtu anayesinzia kwenye hotuba ya Ijumaa. Siku ya kwanza nilikata, nikaona maji yanatoa vipovu pale masalia yalipozama, nikakumbuka, moyo ukaniambia mwaga maji haya, lakini mwenye lori alikuwa ananihimiza, nikaacha, pleti kubwa ikalala imefunika pipa. Asubuhi Mboni akapita na ndoo yake akapaza sauti, "We marehemu, leo hilo limoto likulipukie usoni, siku nyingi sijala ubwabwa wa msiba!" Watu wakacheka, na Gregori ndiye aliyecheka zaidi, akashika tochi ya kukatia, akabonyeza, pleti ikaruka kwa kishindo, akaungua mkono mpaka kwenye kiwiko, mimi nikabaki bila nyusi.

Tangu siku hiyo watu wanasema ni mdomo wa Mboni. Gregori mwenyewe anaapa amelogwa, wateja wameikimbia mihogo, na mimi ninayejua nimenyamaza, tena nimeacha hata kununua kwake nisije nikaulizwa maswali, maana nikisema, Gregori atajua aliyemuunguza ni mimi, na ni rafiki yangu wa miaka tisa. Jumatatu Mboni alipita mbele yangu akasema, "Habari za asubuhi, fundi. Poleni na kazi." Basi. Shangazi, nililia. Nasikia anafungasha, mwisho wa mwezi ahamie kwa dada yake Kiranjeranje. Nifanye nini?

Fundi, Mingoyo

SHANGAZI LUSIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa nyusi, zitaota. Kabla sijakugombeza nikusifu kidogo: mwenye roho mbaya angeshukuru kuwa lawama zimepata pa kukaa, wewe umelia. Lakini machozi ya karakanani hayamrudishii Mboni mteja hata mmoja.

Nimemuuliza fundi mmoja aliyezeekea kazi hiyo. Anasema alumini ya moto ikizama majini hutoa gesi inayowaka, na ikifunikwa, hujikusanya pale chini ikingoja cheche. Kwa hiyo Mboni alitania tu. Na wewe hukusahau ulichoambiwa, ulikumbuka ukapuuza. Hilo ndilo linalokukosesha raha, na hilo hilo ndilo utakalolisema.

Anza na Gregori, tena leo, maana gazeti hili likikufikia wewe, haliko mbali naye. Usianze na habari za mwenye lori na haraka zake. Anza hivi: "Niliambiwa, na sikukwambia." Atawaka, ana haki yake, mwache awake mpaka amalize. Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Ila ukimwacha aendelee kumchukia mwanamke wa watu kwa kosa lako, huo urafiki unaouogopea umeshauharibu mwenyewe.

Mkirudi kazini, mwaga maji hayo, zoa masalia yote, na alumini ikatie pakavu penye hewa, pasiwe na chombo chini yake kinachoweza kufungia gesi. Cheche zizuie kwa bati la kusimamisha upande wa karai. Ungefanya hivyo mapema nisingekuwa naandika haya.

Kisha, kabla hajahama, nenda kwa Mboni njia panda pakiwa pamejaa watu, usiende kumnong'oneza uani kwake. Alichafuliwa hadharani, asafishwe hadharani. Gregori akikubali, nenda naye na bandeji yake. Sema kosa lilikuwa lako, kwa sauti ileile mliyokuwa mkitaniana nayo. Halafu agiza mihogo, kaa kwenye benchi lake, ule mbele ya wote mpaka sahani iishe.

Ila usimwombe akutanie. Utani hauombwi. Huenda akakuhudumia kwa heshima wiki nzima, na kila "karibu, fundi" itakuchoma. Vumilia, rudi kesho yake, ule tena. Na siku atakapokuuliza mbona hujafa mpaka leo, mjibu upesi kwamba unamsubiri atangulie yeye, maana ile sanda yake imeshaanza kuliwa na mende.