Friji la Ukutani na Jina la Mpishi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Natumaini goti limepunguza ukaidi na kwamba unameza dawa bila mama kukusimamia kama askari. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanakula mpaka sufuria inaomba radhi. Mkweo ana mafua tu, lakini ukimsikiliza utadhani anaandika wosia.

Ujumbe wako kupitia kaka umenifika. Alisema umeagiza niachane na lile friji, nimpe mnunuzi wa vyuma chakavu, tena upesi. Nimesikia, Baba. Sikuachana nalo, na barua hii ni ya kukueleza kwa nini.

Ile nyumba kubwa nyuma ya shule ya wasichana imeuzwa na inabomolewa. Msimamizi wa kazi hiyo ni mteja wangu, akaniambia jikoni kuna kabati la ajabu linalotoa waya. Nikajua ni lile friji ulilokuwa ukilitengeneza. Nililikuta limejificha ukutani vilevile, milango yake miwili ya mbao imelingana sawasawa na makabati mengine, mtu asiyejua angeifungua akitafuta vikombe. Vishikio vya shaba vilikuwa vyeusi. Msimamizi alinipa siku mbili, akasema ya tatu nyundo haibishi hodi.

Seremala wangu, tunayemwita Haraka kwa kuwa hana, alitumia siku nzima kulitoa ukutani skrubu moja baada ya nyingine. Mlango wa jikoni ukagoma kulipitisha, tukang'oa dirisha na fremu yake. Wanaume wanane walilibeba, na mmoja akasema kama ndani mna maiti aambiwe mapema ajue anamlilia nani. Nililisafirisha likiwa wima, maana wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba friji likilazwa, mafuta ya kompresa huhama mahali pake. Unaona? Panapostahili nakusikiliza.

Miezi minne nimelihangaikia. Mpira wa milango ulikuwa umekauka na kukatika kama biskuti. Kwenye feni panya walikuwa wamelea ukoo mzima. Shaba niliisugua kwa ndimu na chumvi mpaka vidole vikachubuka. Mafundi wenzangu walipita kunicheka, mmoja akasema mwanamke mwenye akili hununua friji jipya. Nikamjibu kwamba mwanamume mwenye akili hutangulia kushika spana kabla ya kufungua mdomo. Kompresa nilipoipa umeme iliunguruma mara ya kwanza tu. Ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni gesi.

Sasa tuzungumze habari ya gesi. Miaka kumi na minane iliyopita uliwaambia wenye nyumba kwamba mpishi wao, Bi Mwiko, alikwangua barafu kwa kisu akatoboa ukuta wa ndani, gesi ikatoroka, na kwamba friji likitobolewa humo halitibiki. Ukawaonyesha mkwaruzo. Walimfukuza siku hiyohiyo, na habari ikamtangulia kila jiko alilobisha hodi. Mtu aliyekuwa akipikia karamu za watu mia akaishia kumenya viazi kwenye kantini ya gereji.

Nimeukagua mkwaruzo huo kwa tochi na kioo. Haukupenya. Kisha nikajaza hewa kwenye mabomba na kupaka povu la sabuni kiungo kimoja kimoja, kwa kuwa ulituambia kiungo kisichopakwa povu ni cha kudhaniwa tu. Vyote vilinyamaza isipokuwa kile cha juu, nyuma ya kompresa. Kile kilichemka mapovu. Pembeni yake pana nukta mbili za msumari, alama unayoiweka kwenye kila kazi yako.

Hapa ndipo nikuambie jambo ambalo sijawahi kulitamka kwa mtu, hata kwa mume wangu. Sikushangaa, Baba. Siku ulipokichomelea kiungo hicho, wiki tatu kabla ya gesi kuisha, kaka alikuwa anaumwa ukanichukua mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, si mtoto. Nilisimama kwenye ngazi nimeshika bakuli la sabuni. Wageni wa mwenye nyumba walikuwa wameshafika sebuleni, naye alikuja mara mbili kuuliza kama tumemaliza. Ukaniambia niimwage ile sabuni, kwamba mkono wako haujawahi kuvuja. Nikaimwaga. Bi Mwiko alipotoka getini na mfuko wake wa nguo alinipungia mkono, nami nikatazama viatu vyangu. Nilijua kabisa. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni baba yangu, na kwa sababu nilitaka unifundishe kazi. Ukanifundisha. Kazi inayolisha watoto wangu niliipata kwa kuuza jina la mwanamke mwingine, na naona aibu mpaka leo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwambia yote, bila kupunguza sehemu yangu. Hakulia, wala hakunipiga, ingawa mwiko alikuwa nao mkononi. Alisema alijua siku zote kwamba kisu chake hakikufika huko, ila alikuwa amechoka kujua peke yake. Kisha akaniuliza kama ile rafu ya chini bado inakwama.

Friji ni lake sasa. Anafungua mgahawa wake mwenyewe, chumba kimoja chenye madirisha mawili, na Haraka ameshaandaa ukuta. Kiungo nimekikata, nimechomelea kipya, nimekipaka povu mara tatu. Kaka ananilaumu kwamba nakuvunjia heshima uzeeni, akaniletea na neno lako kwamba yaliyopita si ndwele. Haya hayajapita, Baba. Yalikuwa yanamenya viazi. Nakuheshimu, na ukiugua nitakuosha miguu kwa mikono hii, lakini siwezi tena kukulinda kwa mgongo wa mtu.

Tunaliwasha Jumamosi saa nne asubuhi. Bi Mwiko ameomba kitu kimoja tu, kwamba kabla halijawashwa, ukweli usemwe mbele ya wanawe, waliokua wakisikia kwamba mama yao ni mharibifu. Angependa useme wewe. Kiti chako kitakuwepo. Usipokuja nitasema mimi, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Mpe mama salamu nyingi, mwambie kitenge chake kimefika. Wajukuu wanakuamkia, mkweo naye anakusalimu kutoka kwenye wosia wake. Mungu akupe afya na usingizi mzuri.

Ni mimi binti yako,
fundi.