Kopa ya Tano

Bungoma,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Edinah,

Pokea salamu zangu na za Absalom, ambaye jino la mbele limeng'oka na sasa anacheka akiwa amefunika mdomo. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Sisi ni wazima, Mungu ametushika. Usishtuke kuona karatasi badala ya simu. Wewe dada, simu yako huwa umeifungulia sauti hata ukiwa katikati ya kwaya, na haya ninayokuandikia si ya kwaya. Nimempa Festus wa lori akukabidhi mkononi.

Najua ulinitazamia jana, mimi na mtoto na ng'ombe. Najua pia shemeji amemaliza zizi. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Unajua jinsi nilivyoishi hapa tangu Levi afariki. Nimekuwa kama mgeni kwenye boma la baba yake. Yule ng'ombe ambaye mama alinipa nilipomzaa Absalom alikufa wiki ileile ya mazishi, ati alivimba tumbo, na hata ngozi yake sikuonyeshwa. Iliniuma, na inaniuma. Ndiyo maana nilikuambia kwamba siku nitakayopata ng'ombe wangu mwenyewe, wa kutunywesha maziwa mimi na mtoto, ninafunga virago na kuja kwako Lugulu. Ambalo sikukuambia, hata nilipokuahidi kuja naye Jumamosi, ni kwamba ng'ombe huyo nilikwenda kumtafuta kwa karata.

Usitupe barua! Kimeli, mwenye ghala la mahindi ninakopima unyevu kule Kitale, alijifunza poka alipokuwa jeshini ng'ambo. Si ile yetu ya mtaani ya kusema “niko kadi” ukikaribia kumaliza karata. Katika hii kila mtu hupewa karata mbili za siri, halafu tano hufunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja. Kila zinapofunuliwa watu huweka dau, na ukitaka unasukuma vyote ulivyo navyo. Siku za mvua, malori yakikwama, tulikuwa tukicheza kwa punje za mahindi. Msimu huu Kimeli akatangaza shindano: kila mchezaji alete gunia moja, na mshindi aondoke na mtamba mwenye mimba.

Jana asubuhi nimeketi ghalani, ninaona nani akiingia na gunia lake? Baba mkwe! Mzee Wakhungu mwenyewe, mzee wa kanisa, aliyewaaga watu nyumbani kwamba anakwenda Moi's Bridge kutazama mbegu. Kumbe mchezo huo aliujua tangu alipokuwa karani kiwandani. Sijui ni nani kati yetu aliyeona aibu zaidi.

Sina haja ya kukukumbusha desturi zetu. Baba mkwe simpi mkono, siketi karibu naye, simtazami usoni. Nilisimama niondoke. Kimeli akanizuia, akasema, “Mama, gunia ikishaingia store haitoki, bana. Keti.” Akatuweka kwenye ncha mbili za meza. Nikajifunika leso mpaka kwenye nyusi, na kila neno kati yangu na mzee likapitia kwa Kimeli. Wengine walicheka.

Kufikia saa ya chakula wengine wote walikuwa wameishiwa punje, tukabaki mimi na yeye. Mtamba alikuwa amefungwa mlangoni, nikimsikia akitafuna.

Nikapewa tisa na nane za kopa, zile zenye moyo mwekundu. Zikafunuliwa tatu: mfalme wa kopa, nne ya kopa, na saba nyeusi. Nilikuwa na kopa nne, dada. Ikija ya tano nina mkono wa kuniondoa Bungoma. Isipokuja sina kitu kabisa. Na ubaya ni kwamba katika mzunguko ule mzee ndiye aliyekuwa akisema wa mwisho. Mimi nianze, yeye asikie, ndipo aamue. Nikiweka dau anaweza kunipandishia. Nikinyamaza ananitoza bei ya kuendelea kungoja.

Nikanyamaza. Akasukuma konzi ya punje. Nikalipa.

Karata ya nne ikawa mbili nyeusi. Nikanyamaza tena. Akasukuma konzi mbili. Kimeli alikuwa ametufundisha kwamba mtu anayesema kwanza na mkono wake haujakamilika asifuatefuate tu, huko ni kuvuja damu. Agonge, yaani asukume vyote, au aache. Lakini utamgonga vipi mtu usiyemjua yukoje? Nusu ya mchezo ni uso wa mwenzako, na mimi nilikuwa na vidole vyake tu. Vilikuwa vikiokota punje na kuzidondosha. Ni furaha ya karata nzuri, au ni uzee? Akilini nilimwona Absalom akinywa chai ya rangi. Niliona zizi lako.

Basi hapa ndipo ninapokiri, na usimwambie mtu. Niliinua leso, nikamtazama baba mkwe usoni. Nikamkuta ananitazama. Alikuwa ameanza kabla yangu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Sikuelewa, na hofu ikanishika. Nikasukuma punje zote.

Mzee akafunua karata zake: wafalme wawili. Na yule wa mezani, watatu. Alikuwa amenishinda, dada, na alijua. Akazisukuma kando, akasema anaacha, akanisogezea na punje zake zote zilizobaki. Kimeli alitaka kufunua karata ya tano tuone ingekuwa nini. Mzee akaifunika kwa kiganja, akasema aiache.

Alianza kumtuma Kimeli, “Mwambie Mama Absalom,” halafu akakatiza, akaniambia mwenyewe. Ng'ombe wa mama hakufa. Alimuuza alipe deni ili hospitali iutoe mwili wa Levi. Akashindwa kuniambia, kwa sababu mtu aliyekuwa akipeleka maneno kati yetu alikuwa Levi, na Levi ndiye alikuwa ndani ya sanduku. Alikuja Kitale ashinde mtamba, amfunge mahali palepale pa yule wa kwanza, pengine nisiondoke. Maana habari za Lugulu alikuwa nazo. Wanakwaya walizisikia kwenye simu yako, dada, zikamfikia kanisani.

Nikamuuliza, mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, kwa nini basi aliacha na alikuwa na wafalme watatu. Akasema aliona usoni mwangu kwamba nimeshaondoka, na hakutaka kunifunga kwa kamba ya ng'ombe. “Umpeleke mahali unaona ni kwako,” akasema.

Nililia mbele ya wanunuzi wa mahindi bila haya. Mwaka mzima na zaidi nimemchukia mzee huyu kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe huyo ndiye aliyemrudisha mume wangu nyumbani.

Mwenye pikapu niliyemkodi abebe mtamba akaniuliza tunashika barabara gani. Nikamwambia Bungoma.

Mkono bado sijampa, desturi sijaitupa yote. Lakini jana jioni alisimama upande ule wa mtamba, mimi upande huu, akaniuliza kama chumvi inatosha. Nikamjibu. Tukazungumza juu ya Levi mpaka tukaitwa kula.

Nisamehe kwa kazi ya shemeji. Zizi msilivunje, ndama wa kwanza akiwa jike ni wenu. Nisalimie watoto na majirani wote. Na simu hiyo, dada, punguza sauti. Ingawa safari hii nakushukuru.

Mdogo wako akupendaye,
Phelista, Mama Absalom