Mtu Aliyejificha Nyuma ya Mabeseni

Jumapili, saa moja jioni. Masasi kuna upepo na vumbi, lakini miguu yangu bado ina baridi ya Newala.

Niseme ukweli: mimi ni mpiga picha mzuri. Sijasomea. Siku sita nauza salfa na mbegu kwenye duka la pembejeo hapa Mkomaindo, ya saba napanda gari la alfajiri na kamera yangu ya mtumba, niende Newala, Chiungutwa, popote. Jicho ninalo. Watu wananiambia, na hata wasiponiambia najua.

Ndiyo maana wiki mbili zilizopita nilivimba kichwa.

Asubuhi ile sokoni Newala ukungu ulikuwa mzito, bodaboda zinawasha taa. Mwanamume mtu mzima, shati limepigwa pasi vizuri, akachuchumaa ghafla nyuma ya mabeseni ya plastiki ya muuzaji, macho kayafumba. Upande wa pili anapita mama mmoja na fungu lake la kisamvu, kama hana habari. Nikabonyeza. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile.

Nikaiweka hapa kwenye ukurasa wangu, nikaandika chini yake: "Newala kuna mtu anatafutwa."

Watu walicheka sana. Ikasambaa kwenye magrupu. Huyu anasema kaiba beseni, yule anasema kafumaniwa na mchepuko. Mimi nacheka nao, nimejaa sifa.

Alhamisi hii iliyopita akaja dukani. Masasi si kubwa, aliulizia watu wawili tu akafika. Nilimtambua kwa lile shati. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole, akasubiri wateja waishe ndipo akajitambulisha: Baba Zuhura.

"Dada, yule mama ni mkwe wangu, kamzaa mke wangu. Miaka kumi na saba hatujawahi kukutana uso kwa uso. Wewe umetuweka pamoja, na watu wanacheka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi ni Mmakua wa Lukuledi! Baba yangu mwenyewe akisikia tu sauti ya bibi mzaa mama uani, anatoroka kwa mlango wa mbele. Heshima ya ukwe, mtu na mama mkwe wake wasitazamane usoni, naijua tangu sijajua kusoma. Lakini nikishika kamera naona rangi na mwanga tu, nakuwa kama mgeni kwetu.

Nikaifuta palepale mbele yake. Haikutosha. Shemeji zake walishaiona, wanauliza kafanya kosa gani mpaka ajifiche. Mama naye kaambiwa kwamba mkwe wake kageuka kichekesho. Yeye Baba Zuhura hawezi kwenda kumweleza, heshima ileile inamfunga mdomo.

"Nenda wewe ukamwambie," akasema. "La sivyo mimi pale ukweni sina jina tena."

Basi nikaenda studio kuisafisha ile picha, nikaikata katikati, mama peke yake, mkwe peke yake, nimpe kila mtu chake wasikae tena karatasi moja.

Wakati nakata ndipo nikaona. Mama alikuwa amevuta kanga upande mmoja wa uso. Siku zote hizo niliamini anakinga jua. Jua gani, na ukungu ule?

Alikuwa amemwona. Na yeye alikuwa anajificha.

Leo nimemkuta nyumbani kwake anamenya mihogo. Nimepiga magoti nikaeleza yote bila kujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mkwe wake hana kosa, na wanawe atawaweka sawa mwenyewe leo hiihii. Nikampa kipande chake. Akakitupia jicho, basi.

"Na cha mkwe?"

Sikujua kama inafaa. Nikakitoa kwenye pochi. Akafuta mikono, akakipokea, akakaa nacho muda mrefu mpaka aibu ikanishika mimi.

"Kazeeka, mtoto wa watu," akasema taratibu.

Kisha akakifunga kwenye pindo la kanga. Hicho cha mkwe akasema anabaki nacho. Chenye sura yake yeye nimpelekee mkwe.

Nikiwa nyuma ya bodaboda kurudi stendi niliifuta picha hata kwenye kamera. Nilidhani itaniuma. Haikuniuma. Jicho bado ninalo, hilo silitilii shaka, na Jumapili ijayo nitapanda gari kama kawaida. Ila maneno ya chini ya picha, kuanzia leo, nitamwuliza kwanza mwenye sura.

Baba Zuhura alikuwa ananisubiri stendi. Nilipomwambia kwamba mama kamsafisha na mashemeji wataelezwa, alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Nikampa kipande, nikamwambia kimetoka kwa nani. Alisita. Akanipa mgongo kwanza, ndipo akakitazama.

Alikaa hivyo mpaka dereva wa gari la Masasi akapiga honi. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa, naye anacheka.

"Kumbe Zuhura kachukua sura ya bibi yake."